Dakika Tatu za Ushuhuda

Mzee wa kanisa kanipa dakika tatu.
Saa iko mkononi mwake, jicho lake liko kwenye saa,
na nyuma yangu kwaya inakohoa ikingoja zamu.
Basi nianze na chumvi.

Nilikuwa na magunia manne, chumvi ya Katwe,
nimeyapanga juu ya mawe, mbali na unyevu,
nikajiona mwerevu.
Usiku ule Nyamwamba ukashuka kutoka Kilembe
na magogo, na majabali makubwa kama ng'ombe,
ukaingia bila hodi,
ukailamba chumvi yangu
kama mbuzi alambavyo kiganja.
Asubuhi nilishika magunia manne matupu, masafi,
masafi kuliko yalivyopata kuwa.

Sisemi Mungu aliuzuia mto.
Hakuuzuia.
Mama mkwe wangu tulimpata Jumatano,
chini kabisa, karibu na daraja,
kitambaa chake cha kichwani bado kimefungwa vizuri.
Hapo simwelewi Mungu.
Nimemwambia. Anajua kwamba simwelewi,
na kila Jumapili ananipokea hivyo hivyo.

Lakini nilitaka kusema juu ya hesabu.
Kwetu Wakonzo jina ni hesabu:
Baluku ni mwana wa kwanza, Bwambale wa pili,
Masereka wa tatu.
Tulipofika juu, kwenye mihogo ya watu,
mvua inatupiga, taa hakuna,
nikaanza kuhesabu kwa kuita.
Baluku! Naam.
Bwambale! Naam, mama, nimepoteza kiatu.
Masereka!
Mto tu.
Masereka!
Nikageuka nirudi kule chini, Baluku akanishika gauni,
nikamsukuma, nikaanguka kwa magoti topeni,
nikapiga yowe ambalo hata leo koo langu linalikumbuka.
Ndipo kitu kizito mgongoni mwangu
kikapiga chafya.

Chekeni. Mimi mwenyewe nilicheka, baada ya mwezi.
Nilikuwa nimemfunga kwa leso mwenyewe,
mafundo mawili, kwa mikono hii,
nami nikamlilia kama aliyezama.

Nimeifikiria sana chafya ile.
Aliyebebwa haoni uso wa anayembeba.
Huona mgongo tu,
na akilala, hata mgongo hauoni.
Miaka yote ile nikiuliza, Bwana, uko wapi,
sikuwahi kujiuliza
ni nani anayehema hivi,
ni miguu ya nani inayoteleza topeni
na haianguki.

Naona mkono wako, mzee. Namalizia.

Thembo, mwenye mali ya yale magunia,
nilimkwepa wiki mbili nzima.
Akipita, najificha nyuma ya choo cha shule.
Siku moja nikakuta nusu gunia mlangoni pa hema,
na maneno kwa mkaa kwenye kipande cha boksi:
Deni la chumvi hulipwa kwa chumvi. Anza.
Nikaanza.
Kijiko kwa kijiko, mia mbili mia mbili,
juani, penye kituo cha bodaboda.
Wako wanaoona mkono wa Mungu katika radi.
Mimi niliuona katika mwandiko mbaya wa Thembo,
ambaye hata kanisani haji.

Mwaka huu deni limekwisha.
Ibada ikiisha, mtakapouza matoleo pale nje,
baada ya jogoo wa Ithungu na yale maboga,
mtaona kifurushi kidogo cha kitambaa cha gunia.
Ni kilo moja. Msikipandishe bei kwa kunionea huruma.
Atakayekinunua ailambe kwanza:
haina tope.

Basi. Hayo yote yalikuwa utangulizi,
shukrani yenyewe ni fupi.
Wanangu, simameni watu wawaone.
Baluku. Naam.
Bwambale. Naam.
Masereka...

Masereka?

Mwacheni, mwacheni.
Amelala tena.